Marehemu Aliyeketi

Chama kilipowakusanya wabunge wake katika hoteli ya mapumziko nje ya Bengaluru, India, kiliiita safari hiyo semina ya uongozi. Hakuna aliyecheka, kwa kuwa wengi wao walikuwa wamekwisha kuhudhuria semina za aina hiyo na waliijua ratiba yake: kula, kulala, kuhesabiwa. Serikali ya jimbo, iliyokuwa ya chama hicho, ilikuwa imesimama juu ya wingi wa kura mbili, na kura ya imani ilikuwa mlangoni. Upande wa pili ulikuwa na fedha, subira na helikopta. Kwa sababu hiyo wabunge walihesabiwa wakati wa kifungua kinywa, wakahesabiwa tena wakati wa chakula cha jioni, na katikati ya hesabu hizo walinzi walisimama langoni wakitazama ndani, si nje. Simu zilikuwa zimekusanywa siku ya kwanza katika mfuko wa kitambaa, kila moja na kijikaratasi cha jina, kwa heshima zote, kama viatu vinavyovuliwa mlangoni pa hekalu.

Gurusiddappa Menasinkai hakuona kosa katika mpango huo. Kabla ya kuwa mbunge alikuwa mfanyabiashara wa pilipili, kama baba yake na babu yake. Alikuwa na maghala ya baridi upande wa Byadgi, ambamo magunia ya pilipili nyekundu yalingoja bei ipande, na alifahamu kwamba bidhaa inayotamaniwa na wengi haiachwi uwanjani. Katika mgogoro uliotangulia ni yeye aliyependekeza simu zikusanywe. Wazo hilo lilisifiwa sana.

Asubuhi ya siku iliyotangulia kura alikuwa kando ya bwawa la kuogelea akicheza karata na Yamanappa Talwar, mbunge wa upande wa Raichur, mtu mnene mwenye ulimi usio na breki, ambaye walipangiwa chumba kimoja. Honnegowda, mnadhimu wa chama, alikuja akitembea taratibu kupita kawaida yake.

"Gurusiddappa, kaka yangu, njoo pembeni kidogo."

"Mwambie hapa hapa," Yamanappa alisema bila kuinua macho. "Mtu namfunga mara ya tatu, halafu unakuja kumwokoa? Wewe mnadhimu wa nani?"

"Yamanappa, funga mdomo."

Karata zilishuka zenyewe. Honnegowda hakuwa na desturi ya kumwambia mbunge yeyote afunge mdomo. Kazi yake ilikuwa kuwabembeleza.

"Mdogo wako amepiga simu," alisema. "Mama ametutoka."

Mama Paravva alikuwa amekwisha kuoga na kusali, akaketi uani kukata vikonyo vya pilipili, kazi ambayo mwanawe aliwalipa watu kuifanya na ambayo yeye hakuwahi kukubali kuiacha. Akasema ana kiu. Maji yalipoletwa hakuyahitaji tena.

Kilichomjia Gurusiddappa kwanza hakikuwa huzuni bali hesabu ya safari. Hakujilaumu, mfanyabiashara hulia baada ya kupakia. Akiondoka saa hiyo angefika kijijini kwao, Hirekoppa, alasiri, jua likiwa bado juu, nao kwao hawamwachi marehemu alale bila kuzikwa ikiwa inawezekana. Yeye ndiye mtoto wa kwanza. Katika nyumba yao mtoto wa kwanza hutangulia kuingia kaburini, akageuka, akampokea mzazi wake mikononi na kumweka mahali pake. Alimfanyia hivyo baba yake. Hakuna jambo jingine ambalo mama yake aliwahi kumwomba mara mbili. Alivaa shati jeupe, akachukua begi lake, akaenda langoni.

"Namaskara, Mheshimiwa," mlinzi alisema. "Gari lako sijaambiwa linatoka."

"Mama yangu amefariki."

"Aa, pole sana, Mheshimiwa. Pole kweli. Mama ni mama." Mlinzi alivua kofia yake, akasimama nayo mkononi. Lango halikusogea. "Lakini sina ruhusa."

"Wewe unajua mimi ni nani?"

"Ndiyo maana sina ruhusa, Mheshimiwa."

Ruhusa ilikuwa ghorofa ya pili, kwa Bwana Kaushal Bhargava, mjumbe aliyetumwa na makao makuu ya chama kutoka Delhi kuhakikisha kwamba semina inakwenda vizuri. Alikuwa mtu msafi, mpole, asiyejua neno hata moja la Kikannada, na alizungumza na wabunge kwa Kihindi cha polepole, kama daktari anayezungumza na wagonjwa wa muda mrefu. Alisimama Gurusiddappa alipoingia, akamshika mikono yote miwili.

"Nimesikia, Bwana Menasinkai. Nina huzuni pamoja nawe. Kaa."

"Sitaki kukaa. Nataka gari."

"Nakuelewa. Ila na wewe nielewe. Wiki iliyopita mwenzenu mmoja alilia hapo hapo ulipo, anasema baba mkwe wake amekufa. Tukampa gari. Tukampa na maua ya kupeleka. Jioni nawasha televisheni, namwona yuko kwenye hoteli ya wale, kavishwa koja shingoni. Na huyo baba mkwe yuko naye pembeni, anakula peremende."

"Mimi si yule."

"Yule naye alikuwa mtu mzuri."

Gurusiddappa alimgeukia Honnegowda, aliyekuwa amesimama karibu na mlango. "Mpigie Shivanand. Simu ya video. Amwone kwa macho yake, tumalize."

Ilionekana kuwa rai ya haki, na kila aliyekuwemo aliafiki. Shivanand, mdogo wake Gurusiddappa, alipokea mara moja. Kioo kilijaa vichwa vya watu na sauti za kuimba; kisha simu ikapita katikati ya watu, ikaingia sebuleni, ikatulia mbele ya marehemu.

Mama Paravva alikuwa ameketi. Katika madhehebu yao marehemu halazwi. Huogeshwa, hupakwa majivu matakatifu katika kipaji cha uso, huvishwa sari iliyo bora, kisha huketishwa miguu ikiwa imekunjwa na mgongo ukiegemea ukuta, na jiwe dogo la ibada alilolivaa kifuani tangu uchanga huwekwa katika kiganja chake cha kushoto. Kitambaa hupitishwa chini ya kidevu ili kichwa kisiiname, nacho hufichwa kwa maua. Hukaa hivyo akiimbiwa, hubebwa hivyo, na huzikwa hivyo. Wanawake walikuwa wamefanya kazi yao vizuri mno. Makoja ya maua yalimfika mapajani. Pangaboi lilizunguka juu yake kwa kasi yote, na upindo wa sari ya kijani ulipanda na kushuka kifuani.

Bwana Bhargava alitazama kwa muda.

"Huyu ndiye mama?"

"Ndiye."

"Marehemu?"

"Ndiyo."

"Lakini amekaa."

Ni vigumu kuanza kueleza jambo ambalo hukuwahi kufikiri linahitaji maelezo.

"Sisi tunawakalisha," Gurusiddappa alisema. "Ndivyo tunavyozika. Hatuchomi, hatulazi."

"Amekaa," Bwana Bhargava aliendelea kwa upole uleule, "kavaa sari mpya, ana maua, watu wamemzunguka wanamwimbia. Bwana Menasinkai, kwetu hiyo inaitwa siku ya kuzaliwa." Alisogeza simu karibu na uso. "Na anapumua."

"Ni pangaboi!"

"Inawezekana. Basi mwambie mdogo wako amwinue mkono mmoja, kisha auachie. Ni hilo tu. Nikiona, nakupa gari langu mwenyewe."

Shivanand, ambaye hakujua Kihindi, alikuwa amesikia sauti ya mgeni. "Kaka, huyo mtu anasemaje?"

Gurusiddappa alimtazama mama yake. Katika uhai wake hakuna mtu aliyewahi kumwambia Paravva ainue mkono ili aonwe. Alifahamu vyema gharama ya kunyamaza. Alikuwa amenunua na kuuza maisha yake yote, na mara chache aliijua bei kwa uhakika kama wakati huo.

"Hasemi kitu," alimjibu mdogo wake. "Anatoa pole."

Bwana Bhargava, bila kuyaelewa maneno, alielewa kwamba ombi lake halikufikishwa, akatoa hitimisho ambalo mtu yeyote mwenye busara angetoa.

"Honnegowda," Gurusiddappa alisema, "mwambie. Wewe unajua."

Honnegowda alikuwa amehudhuria mazishi ya namna hiyo mara nyingi kuliko alivyoweza kukumbuka, kwa kuwa hakuna mahali ambapo mtafuta kura huwakuta wapiga kura wengi wakiwa wametulia kama msibani. Alijua wanavyoketishwa na kwa nini. Alijua pia wingi ulikuwa kura mbili, na kwamba kura ya Gurusiddappa ilikuwa mojawapo. Alilitazama zulia.

"Desturi zinatofautiana," alisema. "Mimi natoka kusini mwa jimbo."

Mlango ulifunguka, na Yamanappa, ambaye bila shaka alikuwa ameweka sikio hapo tangu mwanzo, akaingia bila kualikwa.

"Kusini gani, wewe? Mwaka jana si tulikuwa wote Haveri, ulilia kuliko wafiwa? Bwana Bhargava, hata mtoto mdogo anajua, hawa wanazikwa wamekaa. Mimi si wa kwao, lakini wali wa matanga yao nimeula mpaka nimeota kitambi hiki."

"Bwana Talwar," Bwana Bhargava alisema, "juzi uliomba kutoka ukaone daktari wa meno."

"Jino lilikuwa linauma!"

"Na leo?"

Yamanappa alishika shavu. "Leo limenyamaza," alikiri, na ushahidi wake ukafa hapo.

Pengine jambo hilo lingeweza kujadiliwa zaidi, na Honnegowda angechoka kulitazama zulia, kama Shivanand hangekuwa ndugu mwenye upendo. Simu ilikuwa bado wazi. "Kaka," alisema kwa sauti ya kuwashinda waimbaji, "usihangaike na barabara. Wamekuja wazee hapa, wale wa upande wa pili, wametoa rambirambi zao. Wanasema kama kuna shida ya usafiri wana helikopta, inaweza kutua kwenye uwanja wa shule hata sasa hivi. Bila masharti, kaka. Wanasema ni utu tu."

Neno helikopta halikuhitaji mkalimani. Bwana Bhargava aliichukua simu, akaizima, akaiweka mezani huku kioo kikiwa chini.

"Kesho mchana, mara tu baada ya kura," alisema, "nitakusindikiza hadi kwenye gari mwenyewe."

Hakuna aliyemwekea Gurusiddappa mkono. Jambo hilo lazima lisemwe, maana baadaye aliulizwa. Hakupigwa, hakufungwa kamba, hakutukanwa, aliletewa chai. Alipolirudia lango walimvulia kofia tena. Alipouzunguka uzio wa bustani akitafuta mahali pa chini, mtunza bustani alimfuata akimsihi aangalie miiba. Alikuwa na umri wa miaka sitini na moja na goti bovu. Mtu mwingine angepiga kelele kuelekea barabarani ili waandishi wa habari wamsikie. Lakini waandishi waliokuwa nje walikuwa wakingoja hilo hasa, na kabla hajamaliza sentensi ya kwanza angekwisha kutangazwa kuwa amehama chama, na akitangazwa hivyo lango lingefungwa kwa kufuli badala ya adabu. Aliipima kila njia kama alivyozoea kupima magunia, na kila moja ilikuwa pungufu.

Aliruhusiwa kuzungumza na nyumbani kupitia simu ya Honnegowda, sauti ikisikika kwa wote. Mchana alimwambia Shivanand wangoje. Alasiri aliwaambia wangoje. Katika maisha yake wakulima walikuwa wamemngoja, na madalali, na makarani, na wakati mmoja bwana harusi, naye hakuwahi kufika mahali akaambiwa amechelewa. Alizoea kuamini kwamba jambo haliwezi kuanza bila yeye. Hakuwahi kuiona imani hiyo kuwa kiburi; aliiona kuwa uzoefu.

Mara ya tatu ni Shivanand aliyepiga, na Honnegowda akaileta simu chumbani.

"Kaka, joto la huku unalijua. Swami, mkuu wa nyumba ya watawa, amekuja, anasema lazima kabla ya jua kuzama. Watu wameanza... kaka, wanawake wanaongeza uvumba."

"Mbona haraka? Ni mpaka kesho tu."

"Kesho lini?"

"Mchana. Jioni niko huko."

"Kaka."

"Sikiliza. Ghala namba mbili lina nafasi upande wa nyuma. Waambie vijana wasogeze magunia, wapunguze digrii. Mpelekeni pale taratibu, akae hivyo hivyo alivyo, mpaka..."

Honnegowda aliiangalia simu kuona kama imekatika.

"Kaka, unajisikia unachosema?" Shivanand aliuliza. "Mama? Kwenye pilipili?"

Gurusiddappa alikuwa amejisikia. Alimwona mama yake amekaa gizani kati ya magunia, maua yakiganda, naye akiwa ameketi wima kama alivyoketi kila mara alipolazimishwa kuwangoja wakubwa katika ofisi za watu. Zamani, kabla mwanawe hajawa mtu, Paravva alingoja sana. Yamanappa, aliyekuwa ameketi kwenye kitanda chake, aligeuza uso ukutani.

"Zikeni," Gurusiddappa alisema.

"Unasemaje, kaka? Makelele huku."

"Zikeni. Msiningoje."

"Sasa nani ataingia chini kumpokea? Wewe ndiye mkubwa."

"Ingia wewe."

"Mimi sijui maneno yake."

"Swami atakwambia. Mshike chini ya mabega, usimshike mikono. Baba nilimshika mikono akaniponyoka kidogo. Shivanand, acha simu wazi tu nisikie."

Shivanand aliiacha wazi. Zilisikika nyimbo, ngoma, mtu akiomba njia, kisha hatua za watu wengi wakibeba kiti kizito. Kabla hawajatoka uani simu nyingine iliingia. Delhi ilitaka idadi ya wabunge ya jioni. Honnegowda alilazimika kuipokea. "Wote wapo," alisema mara kadhaa. "Ndiyo. Hata yeye." Alipomaliza, Hirekoppa haikupatikana tena.

Kwao wafiwa huoga baada ya kuzika. Gurusiddappa hakujua ni lini walimaliza, akakisia, akaingia bafuni. Yamanappa alimwekea taulo mlangoni.

Kesho yake walipelekwa kwa basi hadi kwenye jengo la bunge la jimbo, wakahesabiwa wakati wa kupanda na wakati wa kushuka. Waziri Kiongozi, ambaye serikali yake ndiyo iliyokuwa ikilindwa kwa kura hizo, alisimama akazungumza juu ya demokrasia kwa muda mrefu na kwa ufasaha. Wabunge wanne waliokuwa hotelini jana yake jioni hawakuwa katika viti vyao. Walikuwa wametoka usiku kupitia jikoni, na hakuna hata mmoja wao aliyefiwa. Mwisho wa hotuba Waziri Kiongozi alisema kwamba hana uchu wa madaraka na kwamba anakwenda kwa gavana kujiuzulu. Kura haikupigwa. Gurusiddappa, aliyekuwa amekwisha kuweka kidole tayari juu ya kitufe cha ndiyo, alikiondoa.

Ukumbini nje, Bwana Bhargava alimrudishia simu yake kwa mkono wake mwenyewe. Alikuwa akiwahi ndege, lakini hakuwa mtu wa kusahau adabu.

"Mambo ya siasa, Bwana Menasinkai. Tusiwekeane kinyongo," alisema. "Mfikishie mama salamu zangu."

Hotuba ilikuwa imekula mchana wote; alisafiri usiku, akafika Hirekoppa asubuhi iliyofuata. Kaburi lilikuwa pembeni mwa shamba lao, udongo mwekundu umeinuliwa vizuri, majani matakatifu ya mti wa mbilva yameanza kukauka juu yake. Alisimama hapo peke yake kwa muda ambao mtu hupewa, kisha akarudi nyumbani, ambako baraza lilikuwa limejaa. Walimpisha. Walimletea maji ya miguu. Mwalimu mmoja wa shule alimsogelea, akasema anajua si wakati wake, lakini lile suala la uhamisho wa binti yake, kama Mheshimiwa angeweza kuongea na wizara. Wizara haikuwa na waziri tangu jana.

"Nitaliangalia," Gurusiddappa alisema.

Mama yake mdogo, Gangavva, mdogo wa marehemu, alikuwa ameketi kwenye mkeka kando ya mlango. Alimwita kwa kidole.

"Kwenye televisheni walisema umeahidiwa uwaziri, ndiyo maana hukuja."

"Uongo, mama mdogo."

"Wengine wakasema ni wale wa pili, wamekupa kitu ukae kimya."

"Nao uongo. Lango lilifungwa. Nilifungiwa ndani."

"Nani alifunga?"

"Mlinzi."

"Mlinzi!" Bibi aliwageukia wenzake, kisha akamrudia yeye. "Wewe? Wewe uliyemhamisha mkuu wa polisi mpaka Bidar kwa sababu alimsimamisha dereva wako? Ushindwe na mlinzi wa lango?"

"Nilishindwa, mama mdogo. Nilishindwa kabisa. Muulize Shivanand, alisikia."

Wote walimtazama Shivanand, aliyekuwa akigawa maji. Viganja vyake vilikuwa bado na wekundu wa udongo kwenye makunyanzi.

"Mimi nilisikia kaka akisema tuzike," alisema kwa uangalifu. "Mengine yalikuwa Kihindi."

Gangavva alitikisa kichwa. Hakukasirika, alizungumza kama mtu anayemwondolea mtoto aibu mbele za watu.

"Yaache, mwanangu. Maskini ndiye anayeshindwa. Mtu mkubwa huchagua, na wewe ulichagua, na yeye alikuwa mama yako, amekwisha kukusamehe. Hatukuulizi tena. Nawa mikono, ule."

Gurusiddappa alifungua kinywa kulitaja lango tena. Aliwatazama mmoja mmoja, watu aliowaambia kwa miaka ishirini kwamba hakuna mlango usiofunguka kwake, na kila uso ulikuwa na heshima ileile aliyoifanyia kazi maisha yake yote. Wakamwekea sahani mbele, mkate wa mtama na unga wa karanga wenye pilipili. Akanawa, akala.